Wanawake wa Kwetu Hufa kwa Moyo

Siku ya 8, Jumapili

Pasaka yetu sisi Wayahudi imekwisha jana, vyombo vyake vimerudi darini, na leo ndiyo mara ya kwanza kwa siku nane naruhusiwa kushika kalamu. Daftari hili ni la kazi. Kurasa za mbele zimejaa vipimo vya vichwa vya wanawake wa mtaa wetu hapa Antwerp: mzunguko, sikio hadi sikio, paji hadi kisogo. Nimeligeuza, naandika kuanzia nyuma, ili mteja akilifunua asione kitu.

Tumo katika siku arobaini na tisa tunazozihesabu kila jioni, kutoka Pasaka hadi Sikukuu ya Majuma. Siku hizi hakuna harusi wala muziki. Lakini mshona wigi kama mimi hapumui, kwa sababu maharusi wote wamepanga foleni baada ya sikukuu, na kila mmoja anataka wigi lake liwe tayari asubuhi ya kwanza ya ndoa. Mwaka huu mmoja wao ni wangu. Binti yangu Dreizel, miaka kumi na tisa, anaolewa na Nuta wa London.

Mchana alikuja Pessel, mdogo wangu, kurudisha sufuria. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akafungua kifungo cha sketi, akashusha pumzi.

"Dada, ule mkate usio na chachu utaniua. Siku nane natafuna vigae."

"Kula plamu," nikamwambia. "Sote tumevimba matumbo."

"Wewe umevimba wiki moja. Mimi sketi hainifungi tangu baridi ile kubwa. Vijiko viwili vya supu, nimeshiba."

Akacheka, nami nikacheka. Kisha akasema, kama mtu anayesimulia habari za jirani, kwamba alikwenda kwa daktari kabla ya Pasaka.

"Akaniuliza kama kwetu kuna mwanamke aliyewahi kuugua ugonjwa ule, wa titi au wa kule chini. Nikamwambia hapana, kwetu sisi ni moyo tu. Uso ukamkunjuka maskini, akanipa vidonge vya gesi."

Nilikuwa na sindano mkononi. Niliendelea kushona. Mama yetu hakufa kwa moyo, na katika familia nzima anayejua ni mimi na mume wangu.

Siku ya 9, Jumatatu

Mvua. Vichwa saba. Sikumpigia Pessel simu.

Siku ya 11, Jumatano

Nitaandika jinsi ilivyokuwa, walau mahali pamoja pawe na ukweli.

Miaka ishirini na miwili iliyopita mama alianza kuvimba tumbo. Alipofika kwa madaktari wakubwa hospitalini, ugonjwa ulikuwa umekwisha kutoka kwenye ovari ukaenea kote. Mimi nilikuwa nimeolewa, Pessel alikuwa na miaka kumi na saba, tayari washenga wanabisha hodi. Mama akanishika mkono. "Sema ni moyo," akaniambia. "Ukisema ule mwingine, mtoto huyu atanikalia nyumbani mpaka anywee. Moyo hauna aibu."

Kwetu ni rahisi kuficha kuliko kwingine kokote. Mwanamke aliyeolewa hufunika nywele zake kwa wigi, basi dawa zikizing'oa, nani ataona? Mama alipoanza kupukutika nilimshonea wigi la ndani laini, nje likiwa lilelile la miaka kumi, hadi ule mkunjo wa juu ya sikio la kushoto. Alikufa na majirani hawakujua kwamba chini hapakuwa na unywele hata mmoja. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa, na ninaona haya kuandika hili, lakini nilijivuna.

Pessel akaolewa vizuri na Lemel. Nikasema moyoni, nimefanya jambo jema. Na wakati huu wa baridi, Yitta mshenga alipokaa sebuleni kwangu na kuuliza, "Na bibi yake Dreizel, Mungu amrehemu, alikufa kwa nini?" neno lilitoka lenyewe, bila hata kukohoa. Moyo.

Siku ya 12, Alhamisi

Nimejifariji na kile kipimo cha damu. Watoto wetu wote hupimwa shuleni, kila mmoja hupewa namba, na kabla ya posa washenga hupiga simu kuuliza kama namba mbili zinapatana. Za Dreizel na Nuta zilipatana. Nilifurahi kana kwamba nimepewa hati ya kuingia peponi. Lakini najua vizuri kabisa kuwa kipimo kile hutafuta maradhi ya watoto wachanga, yale yanayokuja baba na mama wote wakiwa wamebeba kitu kimoja. Hili la wanawake hawaliangalii. Sisi tunaambiwa namba zimepatana, tunafunga masikio.

Siku ya 13, Ijumaa

Kwenye duka la mikate, kabla ya Sabato, mama mmoja alinikonyeza. "Naona mdogo wako kanenepa pazuri. Siulizi, siulizi! Mungu alikamilishe." Nyuma yake wengine wawili wakatabasamu. Mtaa mzima unadhani Pessel ana mimba, na kwa sababu kwetu mimba haitajwi mpaka ionekane bayana, hakuna atakayemuuliza kitu. Nilisema "Amina."

Nilitembea hadi nyumbani na mkate ukilowa mvua. Amina, nimesema.

Siku ya 16, Jumatatu

Anshel, mume wangu, si mtu wa maneno mengi. Leo aliweka kikombe chini akasema, "Frimet, tumuulize rabi."

"Tumuulize nini?"

"Unajua nini."

"Atasema subiri mpaka baada ya harusi."

"Hatasema hivyo."

"Wewe umekuwa rabi?"

Akachukua kofia. Mlangoni akageuka. "Hutaki kumuuliza kwa sababu unajua atakachojibu." Nilimwambia achunge asichelewe sala. Kwetu kuokoa uhai wa mtu kunavunja hata Sabato, mtoto wa miaka sita anajua. Sikuhitaji rabi kuniambia. Nilichohitaji ni mtu wa kuniambia kinyume.

Siku ya 17, Jumanne

Vichwa sita. Zlata, mama yake Nuta, kapiga simu kutoka London kuulizia rangi ya vitambaa vya meza. Mwanamke mchangamfu sana. Ananiita mkwe.

Siku ya 18, Jumatano

Pessel kaja tena, apunguziwe wigi lake kuukuu. Anapanda ngazi zangu kama mwanamke wa miaka themanini. Anasema mgongo unamuuma na anakwenda chooni kila saa. Amekonda uso na mikono huku tumbo likimtangulia. Nilimpima kichwa bila haja yoyote, ili tu nisimtazame machoni.

Nilipiga hesabu ya wiki zilizobaki mpaka harusi. Wiki tano na siku kadhaa. Nikajiambia, wiki tano si kitu. Naliandika hili kama nilivyolisema, nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikulisema.

Siku ya 20, Ijumaa

Nimemwambia.

Nilikwenda kwake asubuhi, mikate ya Sabato ikiwa tanurini. Alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo cha mtoto mbele ya tanuri, kwa kuwa hawezi kusimama muda mrefu. Nilikuwa nimepanga maneno ngazi zote mbili, nikaingia, yakanikimbia.

"Pessel," nikasema, "mama hakufa kwa moyo."

Alinitazama akidhani natania. "Alikufa kwa nini, kwa miguu?"

"Kwa ugonjwa ule. Wa ovari. Tumbo lake lilivimba kama lako."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alizima tanuri kwanza, mikate haijaiva, akakaa tena.

"Nani alikuwa anajua?"

"Mimi na Anshel. Baba, Mungu amrehemu."

"Miaka yote hii."

"Mama aliniapisha. Ulikuwa na miaka kumi na saba, Pessel, ulikuwa hujaolewa..."

"Nimeolewa!" Sasa sauti ilipanda. "Nimeolewa miaka kumi na minane, dada! Nimezaa watoto sita! Baada ya harusi ulikuwa unasubiri nini? Baada ya mtoto wa kwanza? Wa sita?"

Ukweli ni kwamba baada ya harusi yake uongo ulikuwa umekwisha kuzoeleka, kama kabati zito ambalo hakuna anayetaka kulisogeza. Kisha Dreizel akakua.

Pessel akaendelea, taratibu, akipanga mambo kwa vidole. "Siku ile nilipokuja na sufuria. Nilikwambia daktari kaniuliza. Nilikwambia nilivyomjibu. Ulikuwa unashona."

"Ndiyo."

"Siku kumi na mbili zimepita tangu hapo."

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya harusi ya Dreizel."

Nilisema ndiyo mara ya tatu. Akaniambia niondoke. Nikasimama, akabadili neno. "Ngoja. Chukua simu kwanza. Umpigie wewe daktari, umwambie kwa mdomo wako kwamba nilisema uongo bila kujua. Mimi sitaki kuonekana mwongo."

Nilipiga nikiwa nimesimama jikoni kwake. Daktari akataja Jumatatu asubuhi, saa mbili. Pessel alikuwa amegeukia dirishani. Sikuombwa kukaa.

Siku ya 23, Jumatatu

Picha ya tumbo. Maji mengi, na uvimbe pande zote mbili. Jumatano wanatoa kipande cha kupima.

Siku ya 25, Jumatano

Wametoa kipande. Wakati tunasubiri wakatupeleka kwa daktari mwanamke wa mambo ya kurithi, kijana, mpole, ana karatasi kubwa. Alichora ukoo wetu. Mwanamke ni duara, mwanamume ni mraba, aliyekufa hupigwa mstari. Pessel alitaka niwepo. Alisema, "Wewe ndiye mwenye kumbukumbu," bila kunitazama.

"Mama yenu?"

"Saratani ya ovari," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kulisema neno lenyewe mbele ya watu.

"Dada zake mama?"

"Mmoja, Manchester. Alikufa na miaka arobaini na minne. Moyo." Nikasikia nilichosema.

"Na mama yake mama?"

"Nilizaliwa ameshakufa. Tuliambiwa... moyo."

"Na dada yake bibi?"

Pessel ndiye aliyejibu, akiitazama ile karatasi. "Moyo, daktari. Wanawake wa kwetu wote hufa kwa moyo, wakiwa na miaka arobaini na kitu. Wanaume wa kwetu wana mioyo ya chuma." Na akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Yule daktari hakujua acheke au asicheke.

Jioni nilimpigia mume wa yule dada yake mama wa Manchester, mzee wa miaka themanini na nane. Nikamuuliza mkewe alikufa kwa nini. "Moyo," akasema. Nikasema, baba, Pessel anaumwa. Nikasikia akifunga mlango. "Titi," akasema. Kisha akalia simuni kama mtoto, akisema alikuwa na mabinti wanne wa kuozesha.

Basi sikuubuni mimi uongo huu. Nilikabidhiwa. Haikunipunguzia aibu hata kidogo, maana kila aliyekabidhiwa aliweza kuukataa.

Siku ya 30, Jumatatu

Ni ule. Umetoka kwenye ovari, umegusa ngozi ya ndani ya tumbo. Wamemtoa maji lita tano. Wataanza na dawa mara tatu, ndipo wapasue, kisha dawa tena. Lemel aliuliza kama ungegunduliwa mapema ingekuwaje. Daktari alisema ugonjwa huu ni mjanja, hata kwa anayejua ukoo wake huweza kuchelewa kuonekana. Lakini anayejua huangaliwa, na wengine hutolewa ovari kabla, wakishamaliza kuzaa. Pessel alimaliza kuzaa miaka mitano iliyopita. Hakuna aliyenitazama, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kwenye korido Pessel akanishika mkono wa gauni. "Sikiliza. Utasema nina mawe kwenye nyongo."

"Pessel."

"Nina mabinti watatu. Mawe kwenye nyongo. Wewe ni fundi wa haya mambo, dada, nisaidie basi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na sikuwa na haki ya kusema hata moja. Nikasema sawa.

Siku ya 32, Jumatano

Dawa ya kwanza. Ametapika mara nne. Watu watatu wameniuliza, nimesema nyongo.

Siku ya 33, Alhamisi

Leo peke yake, katikati ya hesabu, muziki unaruhusiwa. Watoto wamewasha moto uwanjani, wakaimba. Nilifunga dirisha.

Siku ya 36, Jumapili

Nimemwambia Dreizel. Yaani habari za bibi yake, na kwamba mimi nimetoa damu, nasubiri majibu. Kasoro ya kurithi inayoleta ugonjwa huu hupita kwa mzazi, kila mtoto nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume. Kama mimi ninayo, naye atapimwa. Kama sina, haiwezi kumfikia kupitia kwangu. Sikumtaja Pessel. Hakuhitaji kutajiwa.

"Mama mdogo hana mawe," akasema.

"Hana."

Alikuwa akikunja mashuka yake mapya ya harusi. Akakunja moja, akalifungua, akalikunja tena. Nilitegemea machozi. Dreizel huwa analia akivunja sahani.

"Nuta alinieleza kila kitu kuhusu kaka yake," akasema. "Aliyelazwa kwa maradhi ya akili. Siku ya pili tu tulipokutana. Akasema, sitaki uje ukasikie kwa mtu. Nami nikamwambia, kwetu sisi, Mungu ashukuriwe, hakuna kitu. Nilikaa pale kwenye kiti nikasema hivyo, mama. Nikajisikia mkarimu kwa kumkubali."

Nilisema ningempigia Zlata baada ya harusi.

"Utampigia kesho," binti yangu akasema. Sijawahi kuambiwa na mtoto wangu nifanye nini. Nikaitikia kama mtoto.

Siku ya 37, Jumatatu

Nimepiga saa nne asubuhi. "Mkwe!" akaitikia Zlata, na kabla sijasema kitu akaanza vitambaa vya meza. Nikamkatiza. Nikasema yote kuhusu mama, dada yake, damu yangu.

Upande wa pili kulikuwa na bomba la maji linatiririka, likafungwa.

"Ulijua, Yitta alipouliza?"

"Nilijua."

"Mume wangu ana kisukari, nilisema. Mwanangu mkubwa alilazwa, nilisema, na posa tatu zikavunjika mkononi mwangu. Watu waliniambia, Zlata, ficha, nani atajua? Nikasema hapana, atakayekuja aje akijua. Mkaja ninyi. Nikamwambia mume wangu, tazama, wapo watu wenye moyo." Akafungua bomba tena, akalifunga. "Ugonjwa tungekaa tukauongea, Frimet. Sisi ugonjwa haututishi. Ningekuja nikaketi na wewe hospitalini. Lakini mwanangu anaingiaje katika nyumba ambayo mama anaangalia mtu usoni na kumdanganya hivi?"

Nikamwambia kwamba Dreizel hakujua chochote. "Najua," akasema. "Ndiyo maana namlilia yeye."

Hakuniita mkwe tena.

Siku ya 38, Jumanne

Imevunjika. Nuta alitaka kuzungumza na Dreizel, wazazi wake wakasema si sasa. Dreizel amepanga zawadi zote kwenye masanduku ya kurudishwa, bangili juu. Ameandika barua fupi, hakunionyesha.

Miezi yote hii nilidanganya ili ndoa isivunjike kwa sababu ya ugonjwa. Haikuvunjwa na ugonjwa.

Siku ya 39, Jumatano

Yitta mshenga kaja bila hodi. "Umeniaibisha," akasema, hata kuketi hakuketi. "Miaka ishirini na sita naweka mdomo wangu mbele ya watu. Sasa London nzima inajua kwamba Yitta anauza vitu bila kuvifungua." Nikasema kosa ni langu. "La kwako, ndiyo! Na mimi nakula wapi?" Alifika mlangoni, akarudi, akauliza polepole, kama ananong'ona na ukuta, hiyo kasoro inapimwa wapi na je, mtu huchomwa sindano au hutema mate. Nikamwandikia namba ya simu. Aliiweka ndani ya glovu yake, akatoka akinisuta mpaka ngazi ya mwisho.

Siku ya 40, Alhamisi

Majibu ya Pessel. Anayo ile kasoro, kama tulivyojua.

Siku ya 43, Jumapili

Dreizel ananisaidia kazini. Anapima vichwa vya maharusi wengine, anawatakia heri kwa sauti safi kabisa. Mimi ndiye ninayekwenda jikoni kulia.

Siku ya 45, Jumanne

Jua la kwanza tangu Pasaka. Vichwa tisa.

Siku ya 46, Jumatano

Nywele za Pessel zimeanza kubaki kwenye mto. Nilikwenda na mashine ya kunyolea na wigi nililomshonea, la ndani laini, nje lilelile analojulikana nalo. Kazi nzuri kuliko ile ya mama, mikono yangu haijui aibu. Nilimnyoa bafuni. Ana kovu dogo kisogoni, alipoanguka kitandani akiwa na miaka miwili, na aliyekuwa anamwangalia siku hiyo ni mimi.

Nilimvika, nikamgeuzia kioo. Akajitazama. "Hakuna atakayejua," akasema. Nilidhani amefurahi, kisha nikaona anavyolivua, kwa vidole viwili, na kuliweka juu ya mashine ya kufulia.

Siku ya 47, Alhamisi

Barua yangu imefika. Nimeisoma nimesimama kwenye ngazi. Sina. Ukoo wote ule wa mioyo, na mimi umeniruka. Dreizel hana, wadogo zake hawana, wala hawakuwahi kuwa nayo. Hapakuwa na kitu cha kuficha nyumbani kwangu.

Anshel aliinua mikono kushukuru. Dreizel aliisoma mara mbili, akanirudishia, akaniambia nikamwonyeshe mama mdogo kabla ya sikukuu. Sikutaka. Nilitamani niwe nayo. Si utakatifu huo, ni woga tu: aliye mgonjwa huonewa huruma, na mimi nimebaki mzima na nilichokifanya.

Siku ya 48, Ijumaa

Nimetoka kwa Pessel sasa hivi, na nina nusu saa kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato.

Alikuwa jikoni, amefunga kitambaa, anaelekeza keki ya jibini ya sikukuu huku binti yake mkubwa, Gnendel, akikoroga. Wigi halikuwepo. Nikaweka barua mezani. Akaisoma huku nimesimama na mkoba mkononi kama mgeni.

"Huna," akasema.

"Sina."

Akaikunja. Halafu akamwita binti yake. "Gnendel, mwambie mama mkubwa. Bibi alikufa kwa nini?"

"Saratani ya ovari," mtoto akajibu, akiendelea kukoroga.

"Na mimi naumwa nini?"

"Hiyohiyo."

"Na wewe ukiwa mkubwa?"

"Nitapimwa. Na mshenga akiuliza namwambia. Akikimbia, akimbie." Akalamba kijiko. "Mama, sukari bado."

Pessel akamtuma kwa jirani kuazima sukari. Mlango ulipofungwa akasema, "Nimefurahi kwamba huna. Nilikuwa napanga nisifurahi, nimeshindwa."

Nikaweka mkoba chini. Nikamwomba radhi. Sikutaja mama, sikutaja kiapo, sikutaja Dreizel. Nilisema nimekukosea, nilijua na nikaendelea kushona, nisamehe. Kwetu aliyekosa huomba radhi mara tatu, na baada ya ya tatu, hata asiposamehewa, ameachiliwa. Pessel anaijua sheria hiyo kama mimi.

Akakiweka sawa kitambaa kwenye kile kichwa chake cha mtoto.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni ya kwanza. Ya pili uje mwaka kesho, siku kama ya leo, na uje hapahapa jikoni, nitakuwepo."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu utaniomba harusini kwa Gnendel."

Gnendel ana miaka kumi.